Wavu Mdomoni mwa Bwawa

Bwawa la Lubuk Kaladi si kubwa, na wageni wa mjini wakiletwa kulitazama huuliza, ndilo hili? Ndilo hili. Upande mmoja wa bonde ukuta wa zege wenye kimo cha mnazi wa makamo, upande wa pili tuta la udongo lililoota nyasi, na katikati yao pengo la hatua nane ambalo wenyeji huliita mdomo. Maji yakizidi, hupita mdomoni na kuteremka zao. Chini ya ukuta kuna bomba, chini ya bomba kuna kibanda cha mtambo, na chini ya kibanda kuna kaya mia moja na arubaini zenye umeme, shule, na msikiti wenye kuba la bati. Wageni hupiga picha na kuondoka. Hawajui nyuma ya ukuta ule kumelala nini.

Yusnidar alijua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mlinzi wa bwawa lile, akilipwa na ushirika wa kijiji, na aliyaogopa yale maji jinsi mcha Mungu anavyomwogopa Mola wake, yaani aliyapenda pia. Kila asubuhi alipanda ngazi mia na sita, akaweka kiganja juu ya zege, akatulia. Ukuta ulikuwa ukitetemeka, tetemeko dogo sana, asiyezoea hawezi kulihisi. Mto mzima umesimama hapo kwa adabu, unangoja kuruhusiwa. Yusnidar alisema subhanallah kimoyomoyo, kisha akaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika mambo matatu daftarini: kina cha maji kwenye ubao wa kipimo, unyevu kwenye kitako cha tuta, na mdomo, kama uko wazi au umeziba. Kila Jumatatu mhandisi wa mjini alipiga simu akasomewa. Kwa siku arubaini na moja sasa, kwenye hilo jambo la tatu Yusnidar alikuwa akiandika uongo.

Nieleze uongo huo ulivyoingia, maana hakuwa mwanamke mwongo. Maji ya bwawani Lubuk Kaladi ni mwiko. Samaki waliomo, garing wenye magamba mapana ya rangi ya shaba, hawavuliwi mpaka siku ya kufungua, ambayo safari hii ilikuwa haijafika kwa miaka mitatu. Siku ya kufunga maji, watu walikusanyika ukingoni, ikasomwa Yasini, na mkuu wa ukoo, Datuk Bandaro, akatamka kiapo kwa kinywa chake: atakayewatoa samaki hawa kabla ya siku yao, tumbo lake livimbe. Msicheke. Dereva mmoja wa lori aliwahi kucheka, akachukua garing mmoja, akamchoma hapo hapo kando ya barabara. Alirudi siku ya tatu tumbo limemjaa kama ngoma, anatembea kwa kujishika kiuno, akaomba radhi msikitini mbele ya kila mtu. Tangu hapo hata paka wa Lubuk Kaladi walikuwa na heshima.

Kwa kuwa hawakuguswa, samaki wale walikua mpaka wakazidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukipiga maji kwa kiganja huja, wanakula wali kidoleni mwako, na wakigeuka wote kwa pamoja chini ya maji mtu hujikuta amenyamaza tu. Siku ya kufungua ilikuwa imebaki wiki saba, na watoto wa kijiji waliotawanyika Jakarta, Batam na Malaysia walikuwa wamekwisha kukata tiketi za kurudi kula. Ndipo watu wakaanza kupata hofu. Mvua kubwa za Oktoba na Novemba zikija, maji yakipita mdomoni, je, samaki hawatapita nayo? Na kule chini, Koto Hilie, wanakaa watu ambao hawajawahi kufuga hata dagaa mmoja, ila nyavu wanazo. Miaka mitatu tufunge sisi, wale wao, na bado watucheke? Hapana.

Wakatengeneza wavu wa waya, wakauweka kwenye fremu ya mianzi, wakaufunga mdomoni kwa kamba nene za nyuzi nyeusi za mti wa enau, kamba ambazo huko hata nyati hazikati. Kazi nzuri. Kabla ya kuufunga, Datuk Bandaro alikuja kwa Yusnidar kumtaka ridhaa.

Datuk Bandaro alikuwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, na kwa watu wale mjomba si mgeni wa kuja na biskuti siku ya Idi. Nyumba ni ya akina mama, shamba la mpunga ni la akina mama, lakini neno la mwisho juu ya nyumba na shamba ni la mjomba. Hata mume wa Yusnidar, Erwandi, mtu mpole asiyepungukiwa na kitu, aliingia nyumba ile kwa kinywa cha mjomba. Mzee alikaa, akala, akasifu mchuzi, ndipo akaleta habari ya wavu. Yusnidar alimwambia kwamba mhandisi amekataza mdomo usizibwe hata kwa kamba ya kuanikia nguo. Alimweleza na sababu: zege likipitiwa na maji juu halijali, lakini udongo ukipitiwa na maji juu unaliwa, na tuta likiliwa, bwawa zima linashuka kijijini kwa mara moja.

Mjomba alisikiliza vizuri. Kisha akasema mhandisi hana samaki. Akasema ni wiki saba tu, na wavu una matundu, maji yatapita. Yusnidar alimmiminia mzee kikombe cha pili cha chai ya majani ya mbuni, mti wa kahawa, na kikombe kile ndicho kilichokuwa jibu.

Kesho yake daftarini angeandika nini? Akiandika umeziba, simu italia, mhandisi atakuja, mjomba ataaibika mbele ya ukoo. Akaandika wazi. Siku ya kwanza aliliandika polepole, siku ya kumi aliliandika huku akiwaza mengine. Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; juu ya mtu anayeziba mlango ulioachwa wazi kwa makusudi hawakusema kitu, labda hawakudhani kama atatokea.

Mvua ilianza Jumatano, huko juu mlimani, zikiwa zimebaki siku tisa tu samaki wafunguliwe. Alhamisi mto ulibadilika rangi. Yusnidar na mwenzake Amrizal, fundi wa mtambo, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko wa bwawa, walishinda wakiuondolea wavu majani na vijiti kwa kulabu za mianzi. Amrizal alikuwa akisema bora angeoa, mke angemchosha kidogo kuliko wavu huu. Walicheka. Bado ilikuwa kazi ya kucheka.

Ijumaa, saa sita kasoro, haikuwa tena. Kichaka kizima cha mianzi kiling'oka ukingoni na mizizi yake, kikaja kimesimama wima kama kina miguu, kikajibwaga mdomoni. Nyuma yake ikaja migomba, nyuma ya migomba magogo, nyasi, paa la kibanda cha mtu. Kila kilichofika kiliukumbatia wavu na kukikumbatia kilichotangulia. Kabla ya nusu saa kupita hapakuwa na mdomo tena, palikuwa na ukuta wa pili, na maji yakaanza kupanda ubaoni mtu akiyaona kwa macho.

Walikimbilia lango la chini, lile la kutolea tope, wakazungusha usukani wake mpaka ukagoma. Maji yalitoka kwa kishindo chini ya ukuta, lakini yaliyokuwa yakiingia yalizidi yanayotoka mara kumi. Ubaoni maji yakafikia mstari mwekundu wa hatari. Kisha mstari mwekundu ukazama. Yusnidar aliangalia tuta: shibiri mbili zimebaki. Chini bondeni kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kikileta hutuba, sauti ya imamu ikija na kupotea katika mvua, na wanaume wote wa Lubuk Kaladi walikuwa wameketi pale safu kwa safu, simu zimezimwa kama ilivyo adabu. Mumewe alikuwamo. Wanawe wawili walikuwamo.

Alimwambia Amrizal ashuke mbio, aingie msikitini na matope yake, apige ngoma kubwa, awapeleke watu wote kilimani makaburini, na waliomo majumbani vilevile. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Amrizal hakuwa na neno la kurudisha. Alishuka zile ngazi tatu tatu.

Yusnidar akabaki peke yake na mto. Alichukua panga kibandani, akapanda daraja jembamba la chuma lililopita juu ya mdomo, akapiga magoti karibu na fundo la kwanza. Kamba tano. Akikata tano hizi, wavu utakwenda na takataka zake zote, na samaki wa miaka mitatu watakwenda nao. Akainua panga, mkono ukakataa kushuka.

Nitasema alichokuwa akikiwaza, ingawa mwenyewe anakionea aibu mpaka leo. Alikuwa akiliwaza tumbo lake. Watoto wake wako bondeni, chini ya ukuta ule, naye anakumbuka jinsi dereva wa lori alivyotembea. Ndivyo kiapo kilivyo. Ukikiona cha upuuzi hujawahi kukiishi.

"Yus. Weka panga chini."

Mjomba wake alikuwa amesimama mwanzoni mwa daraja, msuli umelowa, kofia nyeusi ya hariri inamdondoka maji, pumzi inamwia tabu. Waliposikia ngoma, watu wote walielekea kilimani. Yeye, mwenye miaka sabini na miwili, alielekea bwawani.

"Mjomba, litazame tuta."

"Nimeona mafuriko makubwa kuliko haya kabla mama yako hajakuzaa."

"Kabla sijazaliwa mto ulikuwa na pa kupita."

Mzee alianza kumwambia habari za watu waliokwisha panda meli kutoka Batam, za Koto Hilie na nyavu zao, za jina la ukoo, na alisema kwa sauti ya upole, kama anayebembeleza. Yusnidar alimkatiza. Hakuwahi kumkatiza maishani mwake.

"Kila siku nimeandika mdomo uko wazi, Mjomba. Siku arubaini na moja. Nimesema uongo kwa ajili yako, na leo uongo wangu unataka kula watu."

Datuk Bandaro alifungua kinywa, kisha macho yake yakaenda kwenye tuta na kubaki huko. Mwisho wa tuta, pale penye bonde dogo la kukanyagwa na mbuzi, maji yalikuwa yamevuka. Hayakuwa mengi. Ulimi mwembamba, upana wa shela ya mwanamke, ulikuwa ukiteremka kimyakimya juu ya nyasi upande wa kijiji, na nyasi zilikuwa zimelala. Bonge la udongo likachomoka, likaondoka. Likachomoka la pili.

Mhandisi angezungumza siku nzima asingemtoa mzee yule pale alipokuwa. Ule ulimi ulimtoa. Maisha yake yote alikuwa mkulima wa mpunga, na hakuna mkulima wa mpunga asiyejua kuta za udongo za majaruba zinavyokufa: maji huvuka mahali pamoja, kidogo, bila kelele, na ukienda kuchukua jembe ukarudi, hukuti jaruba. Mzee akatembea darajani mpaka alipo mpwa wake, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Mjomba, acha nikate mimi."

"Kiapo kilitoka kinywani mwangu. Kama lipo tumbo la kuvimba, na livimbe langu. Wewe nifunge kiunoni, unishike."

Alimfunga kwa kamba ya kazini, ncha ya pili akaizungusha kwenye nguzo ya chuma na kuishika kwa mikono yote miwili. Mzee akasema bismillahi. Kamba ya kwanza ilikula mapigo sita, ya pili manne. Alipokata ya tatu fremu ilianza kulia. Aliinama kwenye ya nne, akapiga mara moja tu, na ya tano haikumngoja, ilijikata yenyewe kwa mlio uliosikika mpaka makaburini.

Mto ukaamka. Sijui nisemeje. Kwa pumzi moja vitu vyote vilisimama, kisha maji yakainama mdomoni, manene, ya rangi ya udongo, yanang'aa mgongoni, yakabeba wavu na magogo na migomba kama mtu anavyopangusa makombo mezani. Kile kichaka cha mianzi kilisimama tena na mizizi yake, kirefu kuliko daraja, kikapita kikikwaruza chuma chini ya miguu yao. Daraja liliruka. Mzee alianguka kifudifudi, miguu ikatoka nje, na Yusnidar akavuta kamba hadi ngozi ya viganja ikamtoka. Alimvuta. Alimpata. Wakalala wote wawili juu ya bati la daraja, wameshikana, na chini yao mto ulikuwa unapita, unapita tu, mzito, hauna hasira na mtu, kana kwamba haukuwahi kuombwa usimame. Yusnidar alisahau kuogopa. Alitazama. Alisikia mjomba wake akisema Allahu Akbar, si kwa kupaza sauti, kama anayemwambia mtu aliye karibu sana naye, naye akaitikia.

Ulimi kwenye tuta ulikuwa umerudi nyuma.

Mvua ilipopungua, watu wakapanda kuangalia. Pale ulimi ulipopita palikuwa na mfereji mpya. Datuk Bandaro aliingia ndani yake, na goti lake halikuonekana. Upana wa tuta uliobaki hapo, kati ya mfereji na maji, ulikuwa hatua mbili. Erwandi alizipima kwa miguu, akazipima tena, halafu akaenda kukaa kando, akawaita wanawe wawili wakae naye.

Samaki hawakuonekana. Jumamosi mzee alipiga maji kwa kiganja, akatupa wali, wali ukaelea. Jumapili hivyo hivyo. Amrizal, ambaye ulimi wake ulikuwa umepona, alikuwa akimpokea kila asubuhi na swali lile lile, tumbo vipi leo, Mjomba, na mzee alikuwa akilipapasa kweli kabla ya kumtukana. Jumatatu ikaja habari kutoka Koto Hilie, nayo ilikuwa ya kushangaza: walisimama na nyavu tangu mvua ilipoanza, na walichopata ni ndala moja na kifuniko cha sufuria. Walitaka kujua kama Lubuk Kaladi walikuwa na samaki kweli au walikuwa wakijisifu tu.

Hapo Yusnidar alimkumbuka mama yake, ambaye alikuwa akisema kwamba garing hamkimbii mgeni, humpokea. Maji makubwa yakija, hupanda kuyalaki. Alimchukua mjomba wake, wakafuata ukingo mpaka mwisho wa bwawa, mahali kijito cha baridi kinapoingia kutoka mlimani. Maji yalikuwa yameanza kung'aa. Mzee alichuchumaa, akapiga kwa kiganja mara tatu.

Kwanza mmoja. Halafu sakafu yote ya kijito ikasogea. Walikuwa wamejipanga humo mamia kwa mamia, vichwa vyote vimeelekea mlimani, na walipogeuka jua liliingia katika magamba yao, bonde likajaa mwanga wa shaba mpaka kwenye uso wa yule mzee. Walikuja wakala wali kidoleni mwake. Alilia bila kujificha. Wavu ule, pamoja na mianzi yake na kamba zake tano, haukuwahi kumzuia hata samaki mmoja.

Jumatatu ile ile Yusnidar alimsomea mhandisi mistari yote arubaini na moja, mmoja mmoja, na kwa kila mstari akasema ni uongo. Mhandisi alikuja akaukagua mfereji kwa muda mrefu, akaagiza tuta lirekebishwe na kuinuliwa, na kuhusu Yusnidar akasema hilo ni la ushirika kuamua. Ushirika ulimkata mshahara wa miezi mitatu, ukambakiza kazini. Alisema ni haki.

Siku ya kufungua ilifika, watu wakala mpaka wakachoka. Ilipofika zamu ya kufunga maji upya, Datuk Bandaro alisimama mbele ya wa Batam na wa Jakarta, akaeleza mwenyewe ni nani aliyeweka wavu na ni nani aliyenyamaza kwa ajili yake. Kisha ikasomwa Yasini, akatamka kiapo cha samaki kama kilivyotamkwa tangu enzi, na mwishoni akaongeza neno ambalo hakuna aliyelitegemea: "Na mdomo wa bwawa nao ni mwiko. Atakayeuziba, hata kwa uzi, tumbo lake livimbe."

Kibao cha mhandisi cha kukataza kitu hicho hicho kilikuwa kimesimama pale miaka saba, kina kutu, na Amrizal alikuwa akianikia mashati yake kwenye reli za daraja jirani yake. Kabla watu hawajaitikia amina, alionekana akipanda zile ngazi mbio kwenda kuyaanua.

Asubuhi iliyofuata Yusnidar aliweka kiganja chenye kovu juu ya zege, akahisi lile tetemeko, akasema subhanallah. Akasoma ubao. Akakagua kitako cha tuta. Akautazama mdomo, mtupu, maji yakipita humo membamba na safi, akafungua daftari na kushika kalamu. Kisha, kabla ya kuandika, alirudi kuutazama tena.